Kisu cha Urembo na Kanuni ya Mwendo wa Duara

Katika misitu ya miombo ya Nachingwea na Ruangwa humea mninga, mti ambao mbao zake hupendwa sana na maseremala. Fundi wa Mtua atakaye kuupamba mhimili wa mlango kwa mifuo na matuta aweza kutumia randa ya mkono. Mwenye msumeno wa meza aweza kuondoa duara la msumeno na kufunga mahali pake kichwa chenye visu vya urembo. Kazi huenda upesi; hatari nayo huongezeka.

Hebu tupige hesabu. Kisu cha gramu 100, kilicho sentimita 7 kutoka kitovuni, kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huenda mita 22 kwa sekunde. Ili kisichopoke, lazima kishikwe kwa nguvu ipatayo nyutoni 690, takriban uzito wa mtu wa kilo 70. Nguvu hiyo hutegemea skrubu. Mizunguko ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne.

Kwa hiyo skrubu hukaguliwa kabla ya kila kazi, umeme ukiwa umekatwa. Urembo huchongwa kidogo kidogo, kichwa kikiinuliwa hatua kwa hatua, na ubao husukumwa kuukabili mzunguko wa visu, si kuufuata. Utepe mwembamba haupitishwi kamwe: urembo huchongwa kwanza kwenye ukingo wa ubao mpana, ndipo utepe upasuliwe.

Mwanafunzi aulizaye faida ya kanuni hii, na avihesabu vidole vya fundi aliyeizingatia.