Banda la gari nyuma ya nyumba: Mkazi wa Cheyo anavyoweza kujenga kwa awamu bila kufilisika

KWA wakazi wengi wa Kata ya Cheyo, katika Manispaa ya Tabora, chombo cha usafiri si anasa tena. Bajaji, pikipiki ya bodaboda au gari dogo la kubebea mizigo ndilo linaloleta unga, ada za shule na kodi ya nyumba. Hata hivyo, mali hiyo ambayo familia imeidunduliza kwa miaka kadhaa mara nyingi hulala nje, chini ya mwembe, ikipigwa na jua la kiangazi na mvua za masika, na usiku ikibaki kuwa kishawishi kwa wezi wa betri, matairi na vioo.

Hali ni ngumu zaidi kwa dereva aliyechukua bajaji au pikipiki kwa mkataba, yaani yule anayemlipa mwenye chombo kila wiki mpaka kiwe chake. Chombo kikiibiwa au kikiharibika, deni haliondoki. Kwa mtu wa aina hiyo, banda la kuegesha ni sehemu ya mtaji wake, sawa na mafuta na matairi.

Wengi huogopa kujenga kwa kudhani kuwa banda ni lazima liwe chumba cha tofali chenye geti la chuma na jamvi la zege. Ukweli ni kwamba banda zuri linaweza kuanza na nguzo sita na mabati tisa, kisha likakamilishwa kidogo kidogo kadiri fedha inavyopatikana.

Mji uliozoea kuhifadhi mizigo

Tabora si mgeni wa kazi ya kulaza mizigo salama. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, eneo ambalo leo ni sehemu ya Tabora, mwezi Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha misafara iliyokuwa ikipita kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Wafanyabiashara walijenga tembe, nyumba za kuta nene za udongo zenye paa bapa, ambamo watu na bidhaa vilikaa kwenye ubaridi na usalama. Tembe ya Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872, ingali inatembelewa na wageni.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na kuendelea hadi Kigoma mwaka 1914, mizigo ilihamia kwenye mabehewa. Leo imehamia pia kwenye malori, bajaji na bodaboda. Kilichobaki palepale ni hitaji la kivuli, ukavu na mlango unaofungwa.

Kabla ya kuchimba shimo la kwanza

Hatua ya kwanza ni kujua kama banda linalipa. Hesabu yake ni rahisi. Mwenye chombo aandike anacholipa kwa maegesho au mlinzi kwa usiku mmoja, kisha azidishe kwa siku 365. Kwa mfano, anayelipa Sh1,000 kwa usiku atakuwa ametoa Sh365,000 kwa mwaka. Akigawanya gharama ya banda kwa kiasi hicho, atajua litajilipa baada ya miaka mingapi. Aongeze na gharama ya vitu ambavyo jua huvila polepole, kama maturubai ya bajaji, viti, matairi na rangi.

Hatua ya pili ni kibali. Banda la kudumu ni jengo, na ndani ya mji jengo huhitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri. Mwenye kiwanja aanzie ofisi ya serikali ya mtaa na ya kata, kisha aende Manispaa akiwa na hati au uthibitisho wa umiliki pamoja na mchoro. Maofisa wa ujenzi ndio watakaomweleza umbali anaotakiwa kuuacha kutoka mpaka wa jirani na barabara. Kuruka hatua hii ili kuokoa ada ni kubana matumizi mahali pasipostahili, kwani alama nyekundu ya X ikishawekwa ukutani, saruji haigeuki tena kuwa fedha.

Aliyepanga naye asijenge kwa maelewano ya mdomo. Makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba yaeleze nani atabaki na mabati na mbao siku ya kuhama.

Bati ndilo linaloamua ukubwa

Kosa linalokula fedha nyingi ni kuchora banda kwanza, kisha kutafuta mabati ya kulitosha. Mjenzi mwenye bajeti ndogo hufanya kinyume: huanza na urefu wa bati linalopatikana dukani.

Kwa bati la mita tatu, paa la mteremko mmoja linaweza kufunika nguzo zilizoachana mita 2.6, huku bati likitokeza sentimita 20 kila upande kuzuia mvua. Gari dogo la saluni lina upana wa mita 1.7 hivi, hivyo dereva akilisogeza upande wa abiria hubaki na zaidi ya nusu mita ya kushukia. Bajaji, yenye upana wa karibu mita 1.3 na urefu wa mita 2.6, huingia bila shida na kuacha nafasi ya pikipiki mbili nyuma yake.

Kwa urefu wa paa wa mita sita, na kama bati moja linafunika sentimita 70 baada ya kulaliana na jingine, yanahitajika mabati tisa tu. Hakuna kukata wala vipande vya kutupa. Mwenye duka aulizwe upana unaofunika, si upana wa bati zima, maana hutofautiana kati ya aina moja na nyingine.

Vilevile mnunuzi akumbuke kuwa namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba zaidi. Bati la geji 32 ni rahisi mfukoni lakini hupinda na kutoboka mapema kuliko la geji 30 au 28.

Upande wa juu wa banda uwe na kimo cha mita 2.7 na wa chini mita 2.2. Tofauti hiyo ya nusu mita inatosha kutiririsha maji. Mteremko uelekezwe mbali na ukuta wa nyumba.

Mchwa na upepo

Maadui wakubwa wa banda mkoani Tabora ni wawili. Wa kwanza ni mchwa. Nguzo ya mti laini iliyochimbiwa ardhini inaweza kuonekana nzima kwa nje, kumbe ndani imeshageuka vumbi. Wapo wanaopaka oili chafu kwenye mguu wa nguzo, lakini kinga hiyo haidumu na huchafua udongo na visima vya karibu.

Njia bora ni kuzuia mbao isiguse ardhi kabisa. Mashimo sita ya sentimita 40 kwa 40, yenye kina cha sentimita 60, hujazwa zege, na ndani yake husimikwa vipande vya chuma bapa vinavyotokeza juu. Nguzo hukaa juu ya zege na kufungwa kwa boliti kwenye vyuma hivyo. Kazi hiyo hula mifuko mitatu hivi ya saruji. Mchwa akitaka kupanda, itambidi ajenge njia yake ya udongo nje ya zege, mahali ambapo mwenye nyumba ataiona na kuibomoa. Nguzo za mikaratusi zilizowekwa dawa kiwandani, au mabomba ya chuma yaliyotumika, ni chaguo jingine.

Adui wa pili ni upepo wa mwanzo wa mvua, ambao huezua mapaa. Banda lililo wazi liko hatarini kuliko nyumba, kwa kuwa upepo huingia chini na kulisukuma paa juu. Kwa hiyo kila boriti ya paa ifungwe kwenye mbao ya juu ya nguzo kwa ukanda wa chuma au waya mnene, si kwa msumari peke yake. Kila nguzo iwekewe mhimili wa mshazari, na mabati yapigiliwe misumari yenye mpira.

Kwa mbao, mjenzi atahitaji takriban mita 12 za mbao za inchi 2 kwa 6 za kulala juu ya nguzo, mita 15 za 2 kwa 4 kwa boriti tano, na mita 24 za 2 kwa 3 kwa mistari minne ya papi, mbali na vipande vya mihimili.

Sakafu isiyomaliza saruji

Jamvi zima la zege lenye unene wa sentimita 10 kwa eneo hilo hula mifuko 10 hivi ya saruji. Lakini gari hukanyaga kwa matairi tu. Njia mbili za zege, kila moja yenye upana wa sentimita 60, hula mifuko mitano, yaani nusu yake. Katikati hujazwa kokoto. Bajaji ina gurudumu la mbele katikati, hivyo mwenye nayo ashindilie kokoto vizuri au aongeze njia ya tatu nyembamba. Mahali injini inapodondosha oili pawekwe beseni au bati bovu.

Ukuta nao usikimbiliwe. Ukuta mfupi wa tofali za saruji za inchi sita, msitari mmoja chini ya ardhi na mitatu juu, kwa pande tatu, unahitaji tofali 130 hivi. Huo huzuia maji ya mvua na tope. Msingi na udongo wa kujengea vitakula mifuko sita. Jumla ya saruji kwa nguzo, ukuta mfupi na njia za matairi inakuwa mifuko 14.

Kumalizia ukuta hadi juu kutahitaji tofali nyingine 250 hivi, ambazo zinaweza kusubiri. Tofali za kuchoma zinapatikana Tabora, ingawa uchomaji wake hula kuni katika mkoa ambao misitu yake ya miombo tayari imebeba mzigo wa kukaushia tumbaku. Tofali za kufungamana za udongo na saruji kidogo, ambazo zimekuwa zikihimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hazichomwi na hupunguza saruji ya kuunganishia.

Awamu tatu

Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, ndio wakati mzuri wa kujenga. Ndio pia msimu ambao fedha ya tumbaku huzunguka mkoani, hivyo mafundi huwa na kazi nyingi. Anayewahi kupatana na fundi mwashi na seremala kabla ya msimu kukolea hupata nafasi ya kujadili bei.

Awamu ya kwanza iwe misingi ya nguzo, nguzo na paa. Ikikamilika kabla ya mvua za Novemba, chombo kimeshapata kivuli. Awamu ya pili ni ukuta mfupi na njia za matairi. Ya tatu ni kuta za juu na geti lenye kufuli imara. Mpaka hapo, mnyororo uliofungwa kwenye pete iliyozamishwa ndani ya zege utasaidia kulinda pikipiki.

Fedha za kila awamu zinaweza kutoka kwenye upatu, VICOBA au SACCOS. Mabati na misumari vinaweza kununuliwa mapema na kutunzwa. Saruji haifai kulimbikizwa: inunuliwe kazi inapokaribia, iwekwe juu ya mbao mbali na ukuta, na itumike kabla ya miezi mitatu kupita.

Paa hilo linaweza pia kuingiza chochote. Lina eneo la karibu mita za mraba 18, hivyo mvua ya milimita 10 hutoa takriban lita 170. Mfereji na pipa vikiwekwa, maji ya kuoshea chombo yanapatikana bila kulipia ndoo.

Banda linapogeuka gereji

Wapo watakaoona nafasi ya biashara na kuanza kutengeneza pikipiki za majirani. Hapo mambo hubadilika. Biashara inahitaji leseni, namba ya mlipakodi kutoka TRA, na ridhaa ya halmashauri kama kiwanja kimepimwa kwa ajili ya makazi pekee. Kelele za nyundo na harufu ya rangi vimeshavunja ujirani wa watu wengi.

Usalama ndio wa kwanza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutambaa chini, hivyo jiko la mkaa, sigara na kuchomelea vikae mbali. Injini isiachwe ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayoweza kuua. Ndoo ya mchanga mkavu na kizimamoto viwe karibu na mlango, na watoto wasilifanye banda kuwa uwanja wa kuchezea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye bajaji inayolala nje leo anaweza kuanza na orodha fupi: mchoro, kibali, mifuko mitatu ya saruji, nguzo sita na mabati tisa. Aipeleke orodha hiyo katika maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, alinganishe bei, kisha ahesabu ni wiki ngapi za akiba zinamtenganisha na paa la kwanza.