Damu ya Mbwa na Minyoo wa Moyo

Leo, wasikilizaji, nataka kueleza habari za mnyoo akaaye katika moyo wa mbwa, na jinsi wataalamu walivyojifunza kumtambua kwa damu. Jina lake la kitaalamu ni Dirofilaria immitis. Hupatikana katika nchi nyingi za joto, na huko Marekani anajulikana sana, hasa katika majimbo ya kusini.

Mnyoo huyu huletwa na mbu. Mbu amwumapo mbwa mgonjwa hunyonya pamoja na damu watoto wa minyoo, wadogo hata jicho haliwezi kuwaona. Watoto hao hukua kidogo ndani ya mbu, kisha huingia katika mbwa mwingine aumwaye. Humo hupata miezi 6 au zaidi kabla ya kukomaa na kuzaa. Jike mzima ni mwembamba kama uzi, na urefu wake waweza kufika sentimeta 30. Wakijaa katika mishipa ya mapafu na upande wa kulia wa moyo, mbwa hukohoa, huchoka upesi, na mwisho aweza kufa.

Zamani mganga wa wanyama alitia tone la damu chini ya darubini ya kukuzia vitu vidogo, akatazama kama wamo watoto wa minyoo wakijinyonganyonga. Lakini tone moja ni haba mno. Mwaka 1939 bwana James Knott alitangaza njia bora, nayo aliitunga kwa kuchunguza damu ya watu. Damu huchanganywa na maji yenye fomalini, chembe nyekundu zikapasuka. Kisha kichupa huzungushwa kwa nguvu katika mashine, na watoto wa minyoo hutuama chini. Njia hiyo ikachukuliwa kwa mbwa pia, na hata leo inatumika.

Hata hivyo darubini yaweza kudanganya. Yuko mnyoo mwingine, aletwaye na viroboto, ambaye watoto wake wafanana sana na hawa, wala hana madhara makubwa. Tena, na hili ndilo zito, mbwa wengine wana minyoo wazima moyoni, lakini katika damu yao hapana mtoto hata mmoja. Pengine minyoo wote ni wa jinsia moja; pengine mwili wa mbwa umewaua watoto. Mwenye mbwa huambiwa mnyama wake ni mzima, kumbe sivyo.

Basi wataalamu wakafikiri kama mwindaji: asipomwona mnyama, hutafuta nyayo. Minyoo majike hutoa utomvu wao katika damu, na katika miaka ya 1980 vilipatikana vipimo vinavyounasa utomvu huo. Pengine kinga ya mbwa huushika na kuuficha. Hapo maji ya damu hutiwa moto kwanza, nao hufunguka.

Kupima si anasa. Dawa ya kinga ya zamani, diethilikabamazini, yaweza kumwangusha kwa mshtuko na kumwua mbwa mwenye watoto wa minyoo katika damu.

Lakini kipimo hiki hakiwaoni madume walio peke yao, wala minyoo wasiokomaa. Kwa hiyo mbwa aliyeumwa na mbu jana hupimwa bure leo. Ni lazima arudishwe baada ya nusu mwaka.