Magari Unayoyaona Bandarini Si Oda Yako

Kuna swali ambalo Waswahili wa Jeddah, hasa walioko Karantina na mitaa ya kusini, hawachoki kuniuliza: "Meli zinashusha magari, tunayaona kwa macho yetu. Mbona pikapu yangu ya haibridi haifiki, na arbuni nimetoa tangu mwaka jana?" Halafu linafuata la pili, na hilo ndilo lililonikalisha kuandika: "Nikimtafuta mtu wa ndani nikampa riali elfu mbili, si ataivuta?"

Hataivuta. Nawaomba msome sababu, kwa kuwa riali hizo mara nyingi ni akiba ya dereva au fundi aliyejinyima, na dalali anazila bila kufanya lolote.

Tuanze na hayo magari mnayoyaona. Bandari ya Kiislamu ya Jeddah ni kituo cha kupitishia shehena za nchi nyingi, si za Saudia peke yake. Gari jeupe lenye plastiki kwenye boneti, linalong'aa pale gatini, huenda kesho likapakiwa tena kwenda Port Sudan. Na hata kama limeletwa kwa soko la Saudia, lina mwenyewe. Msogelee mtu anayefanya kazi ya kuyashusha akuonyeshe karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele: utakuta namba ya chasisi, herufi na tarakimu 17. Namba hiyohiyo imo kwenye hati za shehena, itakuwemo kwenye karatasi za forodha, na mwisho itaandikwa kwenye istimara, yaani kadi ya usajili wa gari. Mwagizaji wake alikwisha kutajwa kabla meli haijang'oa nanga. Karani wa bandari, awe na jamaa wangapi huko ndani, hana kalamu ya kulifanya gari hilo liwe lako.

Watu hunijibu: "Lakini fulani alitoa kitu, akapata." Nakubali kwamba shorumu kuna upendeleo. Gari likishafika na mteja mmoja akajitoa, muuzaji anaweza kumpa rafiki yake aliyekuwa wa kumi. Ni dhuluma, na anayeiona ailalamikie. Ila hata dhuluma hiyo inahitaji gari liwepo. Pikapu yako haijafichwa nyuma ya ghala, haijatengenezwa. Hakuna hongo inayolipwa kusini mwa Jeddah ikafunga boliti katika kiwanda kilichoko Mexico au Thailand. Na arbuni kubwa haisaidii pia, maana kiwanda hakikuoni wewe wala arbuni yako. Kinachoona ni mgao wa mwagizaji wa nchi: magari kadhaa kwa mwezi, ya aina kadhaa, basi.

Mkitaka ushahidi, tazameni pikapu ya Ford Maverick. Ilitangazwa Juni 2021 na inaundwa Hermosillo, Mexico, jirani kabisa na Marekani inakouzwa zaidi. Januari 2022 kampuni ikasimamisha kupokea oda mpya za mwaka huo kwa kuelemewa. Septemba mwaka huohuo ikafungua oda za modeli ya 2023, na za haibridi zikajaa ndani ya siku chache. Mmarekani mwenye dola mkononi na anayejua sheria za kwao alisubiri, na wengine waliambiwa oda zao zimesogezwa hadi modeli ya mwaka unaofuata. Basi huyo dalali wa Karantina ana njia gani ambayo hao hawakuwa nayo?

Tatizo la haibridi ni kwamba juu ya injini ya kawaida inadai mota za umeme, betri, inverta na giaboksi ya aina yake. Kimoja kikikosekana, gari zima linasimama. Mwaka 2021 na 2022 zilikosekana chipu. Aprili 2025 China ikaweka masharti ya leseni kwa kuuza nje madini adimu saba, yakiwemo disprosi na terbi yanayoifanya sumaku ya mota ihimili joto. Mwezi uliofuata Ford ikafunga kwa wiki moja kiwanda chake cha Chicago kinachounda Explorer, kwa kukosa sumaku. Sumaku tu.

Kisha kuna bahari. Novemba 19, 2023 Wahouthi wa Yemen waliiteka Galaxy Leader katika Bahari ya Shamu, na hiyo ilikuwa meli ya kubeba magari. Kampuni nyingi zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ili kuikwepa bahari hiyo, gari linalotoka Asia linaweza kushushwa Dammam, mashariki mwa Saudia, kisha likavuka nchi nzima kwa lori, zaidi ya kilomita 1,200, hadi Jeddah. Wewe unakodolea macho gati la Jeddah, kumbe lako linaingilia mlango wa pili.

Ya kufanya, kwa haraka. Dai kwa maandishi namba ya oda, mwezi wa kuundwa na masharti ya kurudishiwa arbuni. Ahadi ya mdomo usiihesabu. Dalali akisema gari lako lipo, mwambie akupe namba ya chasisi uipeleke mwenyewe kwa mwagizaji; dalali akisitasita, ondoka. Waambie shorumu kwamba unakubali rangi yoyote na daraja lolote, maana oda isiyochagua sana ni rahisi zaidi kupatiwa gari. Kama gari ni la kazi na kazi inakungoja, chukua la petroli au dizeli lililopo leo, kwani miezi ya kukodi gari itameza mafuta yote ambayo haibridi ingekuokolea. Ukichoka, futa oda na ubaki na risiti.

Na anayengoja ili alisafirishe Mombasa, asingoje zaidi. Pikapu za soko la Saudia zina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo isipokuwa la kazi maalumu, kama ambulensi. Futa oda leo, kabla gari halijapangiwa chasisi, maana baada ya hapo kurudishiwa arbuni kunakuwa kugumu.