Saa ya manowari: Usinunue hadithi, fungua mgongo

Jumamosi iliyopita mtoto wa kaka yangu alinijia dukani na saa ya mkononi aliyoifunga kwenye leso. "Ami," akaniambia, "hii ni Rolex ya wapiga mbizi wa jeshi la Uingereza. Mwenyewe ataka laki moja na nusu. Nikiiuza Ulaya, nishatoka."

Laki moja na nusu hiyo ndiyo akiba yake yote, aliyokuwa akiiweka apate arbuni ya tuktuk.

Hadithi aliyopewa si ya kuchekwa. Kati ya 1966 na 1975, manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka nje ya bandari ya Beira kuzuia mafuta yasifike Rhodesia, na mabaharia wake walikuja Mombasa kupumzika. Baharia kuuza saa yake hapa si jambo la muhali. Na kwa sababu hadithi yaaminika, mtu huilipia kabla hajaitazama saa yenyewe.

Mimi ni fundi saa. Nitaeleza nilichokiangalia, ili mwingine asije akaipoteza akiba yake.

Katika miaka ya 1970, Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilinunua Rolex Submariner, modeli 5513 na 5517, zilizoundwa kwa masharti yake. Akrabu zake ni pana, mfano wa upanga. Duara la nje linalozungushwa lina mistari ya dakika zote 60, ilhali la saa ya kawaida lina mistari ya dakika 15 za mwanzo tu. Usoni pana herufi T ndani ya kiduara. Pini za mkanda zimechomelewa kwenye kasha, zisije zikachomoka mtu yuko chini ya maji.

Mgongoni huchongwa mshale, kama unyayo wa kuku mchangani. Hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Kisha huja nambari 0552/923-7697, ambapo 0552 ni ya jeshi la majini. Jeshi la nchi kavu hutumia W10. Hapo pia huwa pana nambari ya saa yenyewe na mwaka wake.

Saa ya kijana wetu ilikuwa na mshale, nambari na hiyo T. Lakini kuchonga ndiyo kazi rahisi kuliko zote, yeyote mwenye mashine aiweza. Kwa hivyo mimi hutazama kama vitu vyote vyakubaliana.

Nilianza na ile T. Maana yake ni tritiamu, iliyotiwa kwenye rangi ili ing'ae gizani. Nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hivyo saa ya wakati ule leo haina mwanga wa kujivunia. Nikafunga mlango wa duka. Saa ikawaka kama kimulimuli!

Pini nikazisukuma kwa ncha ya kisu, zikatoka. Kweli, wako waliozikata pini za saa halisi ili watie mkanda wautakao, lakini kovu la kuchomelea hubaki. Hapa hapakuwa na kovu.

Mchongo nao ulikuwa mkali kwenye kidole, ilhali chuma chenyewe kimechakaa. Mchongo wa miaka 50 huzeeka pamoja na chuma chake. Baina ya miguu ya kasha, mkanda unapopita, Rolex ya wakati ule ilichongwa nambari ya modeli na ya saa. Palikuwa patupu. Mwisho nikafungua mgongo, na mashine ya ndani haikuwa ya Rolex.

Tahadhari moja: kipande kimoja kutolingana si ushahidi wa ughushi. Karakana za jeshi zenyewe zilibadilisha akrabu na nyuso zilipokuwa zikitengeneza saa. Na hata wakubwa hukosea. Mwaka 2021 Omega Speedmaster iliuzwa mnadani Geneva kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mwaka 2023 Omega ikasema imeunganishwa kwa vipande vya saa mbalimbali.

"Kwani yule mzee ni mwizi, ami?" kijana akaniuliza. Nikamwambia sijui. Huenda naye aliuziwa hadithi ile ile. Mrudishie saa yake kwa adabu, mwanangu, na pesa zako ziweke.

Na wewe mwenye saa ya marehemu babako kabatini, usiisugue ing'ae, wala usimpe wa kwanza kubisha hodi. Mikwaruzo na mchongo uliofifia ndivyo vitakavyoitolea ushahidi. Ipeleke kwa fundi unayemwamini, aifungue mgongo nawe umekaa hapo ukitazama.