Litri ngapi zinafika mkiani?

Hapa katika bonde la Ruzizi mfereji husifiwa kwa mpunga wa mashamba ya juu. Sisi wa mkiani tuliupima siku ya zamu yetu, milango ya juu ikiwa imefungwa. Tulipima mita 10, tukaachilia kijiti kielee, tukahesabu sekunde, kisha upana na kina cha maji. Juu: upana sentimita 50, kina 20, sekunde 20. Ni kama litri 50 kwa sekunde. Kwetu upana ni ule ule, kina 10, sekunde 40: litri 12 tu! Zingine zimemezwa na nyufa, ao mtu amefungua mlango kwa siri. Na mchango tunatoa sawasawa na wao. Tumepeleka hesabu kwa kamati; Jumamosi tutaufuata mfereji mzima pamoja.