Mshipa wa mguu huota tena, wa uti wa mgongo hukataa

Katika kikao cha wiki iliyopita mama mmoja wa Kalundu alituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Mtoto wake wa miaka sita alichomwa sindano kwenye tako alipougua malaria, na tangu siku ile anaburuta mguu. "Mshipa umekufa?" Tulikwenda kusoma.

Mshipa wa fahamu ni nyuzi nyingi nyembamba zilizofungwa pamoja, na nyuzi hizo zina wasaidizi wao. Katika mikono na miguu wanaitwa seli za Schwann, kwa jina la mtaalamu Mjerumani wa karne ya 19. Uzi ukikatika, seli hizo husafisha mabaki, hujipanga mstari kama wamama wanaopokezana ndoo za maji, na kuulisha uzi mpya unaopita katikati yao. Uzi huota karibu milimita 1 kwa siku. Kutoka tako la mtoto hadi vidole vya mguu ni zaidi ya sentimita 40. Hesabuni wenyewe: zaidi ya mwaka mzima!

Basi mama yule asikate tamaa mwezi wa pili. Asikae tu pia, maana wasaidizi hao huchoka wakingoja mno, na mguu usionyooshwa hukakamaa. Mtoto apimwe na muganga mapema, kwa sababu mshipa uliokatika kabisa unaweza kuhitaji kushonwa. Na sindano ya mtoto mdogo ichomwe pajani, mbali na mshipa mkubwa unaopita takoni. Kumuuliza muganga kabla hajachoma si kumdharau.

Ndani ya ubongo na uti wa mgongo mambo ni mengine. Wasaidizi wa huko wanaozivika nyuzi mafuta ndio hao hao wanaozizuia zisiote. Martin Schwab wa Zürich alilionyesha hilo mwaka 1988. Wengine, wenye umbo la nyota, hutengeneza kovu. Kwa miaka mingi kovu hilo lilihesabiwa kuwa ukuta tu, mpaka mwaka 2016 utafiti wa panya ulipoonyesha kwamba linaweza hata kusaidia. Wataalamu bado wanabishana. Lakini uzi wenyewe haukosi nguvu: mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walipandikiza kipande cha mshipa wa mguu kwenye uti wa mgongo wa panya, na nyuzi za uti zikaota ndani yake.

Kwa binadamu dawa ya kuziotesha haijafika hospitalini. Ndiyo maana sisi tunaogopa konzo kuliko sindano. Waganga waliiandika katika Kivu ya Kusini yetu mwaka 2011. Inatoka kwenye muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na inaharibu njia za fahamu zinazoshuka kutoka ubongoni. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla. Haizidi, lakini hairudi ilivyokuwa.

Tunajua kwa nini siku za kuloweka hupunguzwa: vita, kukimbia, mnunuzi anayengoja unga sokoni. Hata hivyo muhogo mchungu ulale majini siku tatu, usiku mmoja hautoshi. Na ugali upate ndagala, hata kidogo, kwa sababu mwili unahitaji chakula cha namna hiyo ili kuivunja sumu iliyobaki.