Nani Astahiki Kuwa Daktari?

Kila mwaka matokeo ya darasa la 12 yanapotoka, nyumba za Ibra, Sur na Nizwa hazilali. Mama anasoma dua, baba hatulii, na mtoto aliyepata alama tisini na kitu anangoja ajue kama ataingia udaktari. Swali ni lile lile: je, wanaochaguliwa ndio wanaostahiki?

Wazee wetu waliorudi kutoka Unguja, Pemba na bara wanajua tulikotoka. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli 3 tu. Aliyetaka udaktari alikwenda kuusomea ng'ambo, mpaka mwaka 1986 kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, ambacho kilianza na koleji ya udaktari.

Tangu mwaka 2006 maombi yanapitia kituo kimoja cha udahili. Mtoto huandika anachokitaka, cha kwanza hadi cha mwisho, na kompyuta hugawa nafasi kwa alama. Hii ni kheri kubwa, kwani kompyuta haina mjomba wala haipokei simu za usiku. Mtoto wa mvuvi wa Sur hahitaji kwenda Maskati kubisha mlango wa mtu.

Lakini mashine nayo hufuata ilivyoagizwa. Mwaka 1988 ilithibitika kwamba skuli ya udaktari ya St George's, London, ilitumia programu iliyowashusha wanawake na wenye majina yasiyo ya Kizungu. Programu ile ilifundishwa kuiga maamuzi ya wachaguzi wa zamani, ikarithi na dhulma yao.

Tena alama hazipimi hishima wala uaminifu. Mwaka 2005 Dkt. Maxine Papadakis na wenzake wa Marekani waliwalinganisha madaktari 235 walioadhibiwa na mabaraza ya udaktari na wenzao 469 wasioadhibiwa. Walioadhibiwa walielekea mara tatu zaidi kuwa wameandikwa kwa mwenendo mbaya tangu wakiwa wanafunzi, khasa kutowajibika na kutojirekebisha.

Basi tabia ipimwe vipi? Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kilitangaza njia yake mwaka 2004. Mtahiniwa hupita vituo vingi vifupi, kila kituo na msaili wake, na wote huulizwa mambo yale yale. Msaili mmoja akimpenda mtu au akimchukia, peke yake hawezi kumnyanyua wala kumzamisha.

Kwa rai yetu, alama zibaki kuwa mlango wa kwanza, na usaili ukiwepo uwe wa namna hiyo. Usaili wa mtu mmoja chumbani ni kuirudishia wasta kiti chake. Na baada ya kuingia, walimu waandike mwenendo wa kila mwanafunzi, yeye mwenyewe aonyeshwe, na apewe nafasi ya kujieleza na kujirekebisha. Kumhukumu kwa uvumi si insafu.

Nasi wazazi tuna letu. Bibi mzee wa Ibra akieleza maumivu yake kwa Kiswahili, anataka daktari atakayemsikiliza mpaka mwisho. Usikivu huo huanza nyumbani, mtoto anapomwona baba yake anavyosema na mtumishi, na mama yake anavyomkaribisha jirani maskini. Kwa hiyo simu ya kumwombea mtoto nafasi isiyo yake tusiipige. Nafasi hiyo ina mwenyewe, na wagonjwa ndio watakaolipa.